Kitanda kidogo cha magurudumu kwa usingizi wa mchana wa kichanga: tathmini ya mama wa watoto wawili

Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha kumlaza mtoto mchanga mchana, nunua kitanda kidogo cha magurudumu. Namaanisha kile chenye godoro jembamba lililo bapa, kuta za wavu na miguu inayosimama imara, kinachopita mlangoni bila kukunjwa. Sisi tumekitumia tangu mdogo alipofika nyumbani, huku kaka yake, ambaye ndiyo kwanza ameanza kupanda viti na kufungua makabati, akizunguka nyumba nzima. Kampuni nyingi zinatengeneza vitanda hivi na vinafanana kwa mambo ya msingi, kwa hiyo ninachokipima hapa ni aina ya kitanda, wala si chapa.

Usiku haukunisumbua kichwa. Usiku kila mtu anajua mtoto anaenda wapi: taa inazimwa, kitanda chake kiko ubavuni mwa kitanda chetu, mjadala umekwisha. Mchana ndio wenye kazi. Mtoto wa wiki chache hulala saa 14 hadi 17 kati ya 24, tena vipande vipande, na sehemu kubwa ya vipande hivyo huangukia mchana. Ananyonya, anacheua, anabadilishwa nepi, anakukazia macho kidogo, halafu kabla saa moja haijatimia kope zimeshakuwa nzito. Usingizi unamkuta popote alipo: begani, kwenye sofa, kwenye kiti cha gari, mapajani mwa shangazi. Na wewe uliyekesha unaangalia kilicho karibu, unasema mwacheni hapohapo dakika tano, asishtuke.

Kitanda hiki kinapata sifa yake hapo. Ubora wake mkubwa hauko kwenye kitambaa wala kwenye fremu, uko kwenye kufika. Kinamfuata mtoto chumba kwa chumba, na mahali salama pa kulala panakuwa karibu zaidi kuliko sofa. Nimevaa viatu vya mama aliyechoka mara mbili sasa, na naamini kabisa kwamba uchovu ndio unaochagua mtoto alale wapi. Basi afadhali kile ambacho uchovu utakifikia kwanza kiwe ndicho kizuri.

Kipimo nilichotumia ni hiki, maana bila kipimo kila kitu dukani kinapendeza. Mtoto alale chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, lenye shuka moja iliyobana, na pasiwe na kitu kingine: si mto, si blanketi lisilobana, si mdoli. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinasema hayo ni ya kila usingizi, wa usiku na wa mchana, na kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye sehemu yake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Nyumba nyingi huishika kanuni hii usiku na kuilegeza mchana, ilhali njia ya hewa ya mtoto ni ileile saa zote. Kampeni ya kulaza vichanga chali ilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na nchini Marekani vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa takriban nusu katika miaka kumi hivi. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kumlaza mtoto. Kila nikikumbuka hilo sioni taabu kurudia maneno yaleyale kwa kila mgeni.

Sasa kitanda chenyewe. Godoro lina unene wa kama vidole viwili. Nililikandamiza kwa kiganja katikati na pembeni. Linarudi papo hapo, haliachi bonde. Wageni wanaoligusa wanashangaa, wanauliza mbona gumu hivi, mtoto hataumia? Hataumia. Uso wake ukigeukia kitu laini, kitu hicho kinabonyea na kuufunika, naye hana nguvu ya shingo ya kujinasua. Pia godoro lazima lijae fremu yake. Jaribu kupenyeza vidole viwili kati ya godoro na ukuta. Vikipita, nafasi ni kubwa mno, mtoto anaweza kubanwa hapo. Ndugu mmoja alitaka kutuletea godoro nene zaidi la kuongeza juu yake, kwa nia njema. Tulimshukuru tukakataa. Godoro la pili linapunguza kimo cha kuta na kuzua mianya pembeni, na kitanda kilichopimwa kiwandani kinakuwa si kilekile tena.

Kuta ni wavu pande zote nne. Hewa inapita, na nikiwa nimekaa naweza kuona kifua kikipanda na kushuka bila kunyanyuka. Nilipokuwa na wa kwanza tulitumia kitanda chenye kuta za kitambaa kizito, kila baada ya muda nilikuwa nasimama kuchungulia. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kama mimi safari hii, kila kusimama kuna maana.

Ndani ya boksi mlikuwa na vitu viwili ambavyo havikupaswa kuwamo: mto mdogo bapa, na sponji la kufunga kuzunguka kuta kama urembo. Nchini Marekani sheria iliyosainiwa Mei 2022 imepiga marufuku kuuza masponji hayo, kwa sababu watoto wamekosa hewa wakiwa wamebanwa nayo. Vyote viwili vilitoka kitandani kabla mtoto hajaingia. Hapa kiwanda nakikata alama, tena nyingi. Mzazi wa mara ya kwanza akikuta mto ndani ya boksi la kitanda ataamini kwamba mto ni sehemu ya kitanda.

Mama mkwe wangu alipokuja kutuona, ndicho alichouliza hata kabla ya kuketi.

"Mwanangu, mto wake uko wapi? Kichwa kimelala bapa namna hii?"

"Mama, mchanga halali na mto. Nesi wa kliniki ametusisitizia."

"Na shingo haitamuuma?"

"Haitamuuma, mama. Kichwa chake kizito, shingo bado changa. Ukimwinua kwa mto, kidevu kinashuka kifuani, njia ya hewa inajikunja. Njoo umtazame anavyopumua."

Akainama juu ya wavu, akamtazama kwa muda mrefu, akaweka kiganja taratibu kifuani pake. "Haya. Anapumua vizuri kweli." Baadaye walipokuja wageni na blanketi zito la zawadi, yeye ndiye aliyelipokea, akalikunja na kulipeleka kabatini, akawaeleza kwa nini. Nilifurahi mno. Bibi akielewa, nyumba nzima imeelewa.

Magurudumu ni manne, mawili yana breki ya kukanyaga. Nitakaa kidogo hapa, maana kwenye magurudumu ndiko vitanda hivi vinakotofautiana sana. Magurudumu madogo ya plastiki ngumu yanakwama kwenye kizingiti na kwenye ukingo wa zulia. Kila kikikwama, kitanda kinashtuka, na mtoto aliyelala anarusha mikono yote miwili juu kama anadaka kitu. Ya kwetu yamevikwa mpira na ni makubwa kiasi, yanateleza kimya kwenye vigae na kupanda zulia bila vurugu. Dukani usiridhike kukisukuma kikiwa kitupu. Weka mfuko wenye uzito wa kilo nne hivi ndani, kivushe mlangoni, kisha kanyaga breki na utikise fremu kwa mikono miwili. Kama kinasogea hata kidogo, kiache. Pia angalia namna breki inavyofunguka: ikiwa mtoto wa miaka miwili anaweza kuifungua kwa kuipiga teke, haifai kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili.

Nina kawaida moja: nakisogeza kitanda kwanza, ndipo namleta mtoto. Simsafirishi akiwa amelala ndani isipokuwa sakafu iwe tambarare kabisa. Nikiwa jikoni, kinasimama nje kidogo ya mlango, mahali ninapomwona lakini mvuke na mafuta ya moto havimfikii. Nikikunja nguo kinakuja sebuleni. Nikijilaza, kinarudi chumbani. Kabla ya kukanyaga breki natazama juu na pembeni: kamba za mapazia, nyaya za chaja, rafu yenye vitu vinavyoweza kudondoka. Kamba ya pazia ni hatari ya kweli, inaweza kumkaba mtoto. Hata waya wa kamera ya kumwangalia mtoto uwe umbali wa karibu mita 1 kutoka kitandani. Jua la moja kwa moja pia silitaki, kwa kuwa mtoto mdogo anapata joto haraka na hawezi kujifunua.

Kuhusu joto, nimeona wazazi wakitandaza kitambaa juu ya kitanda au juu ya kigari ili kuzuia mwanga. Kinazuia hewa pia, na ndani joto linapanda bila wewe kujua. Kama mwanga unamsumbua, geuza kitanda. Kupima joto la mtoto, usiguse mikono wala nyayo, hizo huwa za baridi muda mwingi. Pitisha vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Kuna vitanda vinavyouzwa na chandarua chake, na hicho ni kitu kizuri mradi kimevutwa kikakaza na hakigusi uso wa mtoto. Kikianza kulegea na kuning'inia, kikaze upya au kiondoe.

Watu wengi waliniuliza kama mtoto hahitaji chumba chenye giza na ukimya mchana. Kwa mchanga wa wiki za mwanzo, jibu langu ni hapana, na hii ni sababu nyingine ya kukipenda kitanda kinachokaa katikati ya nyumba. Mtoto anazaliwa bila kutofautisha usiku na mchana. Saa ya mwili wake huanza kujipanga polepole, na homoni ya usingizi huanza kufuata mzunguko wa siku anapokaribia miezi miwili au mitatu. Mwanga wa mchana unaisaidia saa hiyo. Mapazia yetu yanabaki wazi, redio inazungumza kwa sauti ya chini, vyombo vinaoshwa, na yeye amelala. Usiku tunafanya kinyume: taa hafifu, sauti za kunong'ona. Baadaye, akianza kugeuza shingo kufuata kila sauti, huenda usingizi wa mchana ukahitaji chumba chenye utulivu zaidi, na hilo utaliona mwenyewe kwa jinsi anavyokatiza usingizi njiani.

Kinachowashinda wengi ni kumhamisha mtoto kutoka mikononi. Anazimika begani vizuri, ukimgusisha godoro tu macho haya! Nilichokiona kikifanya kazi ni kusubiri mkono wake ulegee kabisa, ule mkono ukiuinua unaanguka wenyewe. Kisha nainama mpaka kifua changu kinakaribia ukingo wa kitanda, natanguliza makalio yake yaguse godoro, halafu mgongo, kichwa mwisho. Kichwa kikitangulia anahisi anaanguka na kustuka. Nikishamlaza, naacha kiganja kimoja kifuani bila kukandamiza mpaka pumzi zitulie, kisha naanza kukiondoa kidole kwa kidole. Kimo cha kitanda kina kazi kubwa hapa. Chetu kinafika usawa wa nyonga yangu, kwa hiyo sihitaji kujikunja, na mshono wangu ulinishukuru. Kitanda cha kusafiria kinachokaa sakafuni kingeniumiza kila mara.

Kimo hicho kinasaidia pia kwa kaka mtu. Hawezi kufikisha mikono hadi kwa mdogo wake kirahisi, lakini kwa kuwa kuta ni wavu anamwona. Hupiga magoti, akabandika pua kwenye wavu, akasema "Dada, lala." Nampenda zaidi kwa hilo. Lakini upendo wake unakuja na zawadi, na siku moja tulikuta kigari cha plastiki miguuni mwa mtoto. Tangu hapo, kabla ya kumlaza nakagua godoro zima kwa mkono, na nikitoka chumbani hata kwa muda mfupi kaka mtu natoka naye. Kwenye nyumba yenye mtoto mkubwa, hakuna kitanda kinachochukua nafasi ya macho ya mtu mzima.

Tulipewa na kujaribu vitu vingine pia, na vinastahili kutajwa, maana madukani vinasimama rafu moja na kitanda hiki na vinaonekana ni ndugu zake.

Kile kinachoitwa kiota, yaani mto mkubwa wenye kingo zilizotuna, ndicho kinachopigwa picha kuliko vyote. Nakubali kinavutia, na mtoto akiwekwa humo anaonekana ametulia. Lakini ni laini chini, kingo zake ni laini pande zote, na mtoto akigeuza uso unakutana na kitambaa. Septemba 2021 kampuni ya Boppy iliondoa sokoni mito yake milioni 3.3 ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya vichanga, baada ya vifo vya watoto 8. Mingi ya mito ya aina hii ina lebo inayosema si ya kulalia. Mtu akikupa, kitumie mtoto akiwa macho nawe ukiwa umemkazia macho, na akisinzia mtoe.

Viti vya kubembea na vitanda vya mteremko navyo hivyohivyo. Mtoto anayecheua sana wazazi wanamlaza kwenye mteremko wakidhani wanamsaidia. Kwenye mteremko kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na hewa inapungua bila kelele yoyote, maana mtoto anayekosa hewa kwa namna hiyo halii. Aprili 2019 Fisher-Price iliondoa sokoni vitanda takriban milioni 4.7 vya Rock 'n Play baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30, na ile sheria ya Marekani ya 2022 ikapiga marufuku vitanda vya vichanga vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10. Chetu ni bapa kabisa, na hakina kitasa cha kuinua upande mmoja. Vipo vyenye kitasa hicho vinavyosifiwa kwa watoto wenye kiungulia, mimi nisingevinunua. Kwa mtoto mzima wa afya kulala chali hakumfanyi apaliwe akicheua, mwili wake unajua kumeza au kukohoa. Mwenye tatizo kubwa apelekwe kwa daktari.

Kiti cha gari ni kizuri ndani ya gari. Pembe yake imepigiwa hesabu kikiwa kimefungwa kwenye siti. Ukikiweka sakafuni pembe inabadilika, na ukikiweka juu ya meza au kitanda kinaweza kupinduka. Tukifika nyumbani tunamtoa na kumlaza kitandani kwake hata kama ataamka. Ataamka, ndiyo. Atalala tena.

Mbeleko naiheshimu sana, na kuna siku ambazo bila mbeleko hakuna kilichofanyika. Siku ambayo mtoto hataki kulazwa popote, anafungwa kifuani na kazi inaendelea. Inahitaji mtu mzima aliye macho, uso wa mtoto uonekane muda wote, pua na mdomo viwe wazi, na kidevu kiwe mbali na kifua kiasi cha kupitisha kidole. Nikianza kusinzia mimi, mbeleko inafunguliwa.

Na sofa. Sofa ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote hivi, kwa kuwa haionekani ya kutisha. Mzazi anaketi kunyonyesha mchana, anasinzia, mtoto anateleza kati ya mwili na mto wa mgongoni. Shirika la Lullaby Trust la Uingereza linasema kulala na mtoto mchanga kwenye sofa au kiti cha kuegemea huongeza hatari ya kifo cha ghafla hadi mara 50. Ukiona usingizi unakuzidi nguvu wakati wa kunyonyesha na hakuna wa kumpokea, kitanda chako kilichoondolewa mito na mablanketi ni afadhali kuliko sofa, na ukizinduka mrudishe mtoto kwake. Mimi hukiegesha tu kile kitanda mbele ya magoti yangu ninapoketi kunyonyesha. Nikihisi kope zangu zinakutana, nanyoosha mikono tu.

Kikapu chenye vishikio kingeshika nafasi ya pili kwangu. Kina godoro bapa na ni chepesi. Tatizo ni kishawishi cha kukiweka juu ya meza au kochi, na kukibeba mtoto akiwa ndani huku mkono mwingine umeshika kitu. Sehemu yake ni sakafuni au kwenye stendi yake yenyewe.

Kitanda chetu kina kasoro, sitazificha. Mbali na ule mto na sponji, kitambaa cha godoro kinakauka polepole mno; mtoto akicheua mara mbili mchana mmoja, unahitaji shuka la tatu, na kiwanda kinatoa moja tu. Mashuka ya ukubwa huo hayapatikani kila mahali, na shuka lisilo saizi yake halifai kwa sababu linavutika na kujikusanya usoni. Gurudumu moja limeanza kulia, tumelipaka mafuta na limetulia. Kile kikapu cha chini cha kuwekea nepi kinalegea kikijaa, kwa hiyo naweka vitu vyepesi tu. Maelekezo yameandikwa kwa herufi ndogo, na onyo la muhimu kuliko yote, kwamba mtoto akianza kujiinua kitanda kiachwe, limewekwa ukurasa wa nyuma. Kwenye nyumba ya ghorofa hakitakutosha peke yake: ni kizito kwa ngazi na hakuna anayepaswa kukipandisha mtoto akiwa ndani.

Muda wake nao ni mfupi, na hapo ndipo mtu anayehesabu matumizi atasita. Vitanda vya aina hii kwa kawaida vinafaa mpaka mtoto aanze kujigeuza au kujisukuma juu kwa mikono, na vingi vina kikomo cha uzito kisichozidi kilo 9. Soma lebo ya chako. Wetu ameanza kuinua kifua akilazwa kifudifudi wakati wa kucheza, kwa hiyo usingizi wa mchana unahamia kwenye kitanda kikubwa cha mbao, chenye nafasi isiyozidi sentimita 6 kati ya fito. Hata hivyo sijutii hata kidogo, maana miezi hiyo michache ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote: vifo vingi vya ghafla vya vichanga hutokea kabla ya miezi 6, hasa kati ya mwezi wa 2 na wa 4.

Kama unataka cha mtumba ili kupunguza gharama, naunga mkono. Kagua wavu mzima usiwe umechanika, skrubu zote ziwepo, kufuli za miguu zibane, breki zishike, na godoro liwe lile lililokuja na kitanda chenyewe. Tafuta jina la modeli ujue kama iliwahi kuondolewa sokoni. Kikikosa kifaa chochote, usikifunge kwa kamba wala kukiwekea ubao. Tafuta kingine.